Niliwafundisha wenzangu vishikwambi, wamevirudisha kwenye maboksi

BARUA

Shikamoo Mama,

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi mkoani Tanga, mwaka wa nne kazini. Nafundisha Sayansi darasa la tano na la sita, na Hisabati darasa la nne. Shuleni tuko walimu 11. Mwaka jana mwalimu mkuu aliniteua kuwa mratibu wa MEWAKA, haya Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, akaniongezea na TEHAMA. Alisema kwenye kikao kwamba mimi bado kijana na mambo ya simu nayajua. Nilikubali kwa moyo mweupe, kwa sababu kweli nayapenda.

Vishikwambi tunavyo. Ni vile vilivyofanya kazi ya Sensa ya 2022, kisha serikali ikavigawa kwa walimu. Lakini tangu vije, vingi vimekaa majumbani, watoto wanachezea gemu na kuangalia katuni, na vingine havijawahi kutoka kwenye boksi.

Likizo ya Juni nikaomba siku mbili. Niliandaa vizuri, Mama. Nilitengeneza slaidi 46, nikaazima projekta kwa rafiki yangu anayefundisha sekondari, nikaunga bando kwa hela yangu. Siku ya kwanza tukafanya kuwasha, kuunganisha intaneti, barua pepe, kujisajili kwenye mfumo wa mafunzo wa Taasisi ya Elimu Tanzania na kufungua vitabu kwenye Maktaba Mtandao. Siku ya pili ilikuwa kuandaa slaidi na kutafuta video za masomo. Saa tano umeme wa LUKU ukaisha, tukamalizia kwa maneno. Wenzangu wote 10 walikuja, wakaandika, wakashukuru. Nilirudi nyumbani nimefurahi.

Shule zimefunguliwa Julai, hakuna kitu. Mmoja ananiambia, "Nina vipindi 28 kwa wiki na madaftari zaidi ya 80 ya kusahihisha, hiyo video naitafuta saa ngapi?" Mwingine anasema kikivunjika mikononi mwa watoto atakatwa mshahara. Wapo wanaosema waziwazi kwamba semina isiyo na posho si semina.

Lililoniuma zaidi ni hili. Tuna mwalimu mama wa darasa la pili, shule nzima tunamwita Bibi, amebakiza miaka miwili astaafu. Wiki ya pili ya Julai nilipita nje ya darasa lake nikamkuta ameshika kishikwambi, anakigusagusa, video haifunguki, watoto wanasubiri. Nikaingia, nikakichukua mkononi mwake, nikaifungua, nikamrudishia. Nikamwambia, "Bibi, si nilikuonyesha juzi tu?" Watoto wakacheka. Yeye hakusema neno. Alikiweka mezani, akachukua chaki akaendelea na somo. Tangu siku hiyo kishikwambi chake kipo kwenye boksi, na mimi tunasalimiana tu. Naona na wengine wamepoa baada ya hapo.

Sasa mwalimu mkuu anataka ripoti ya mafunzo kabla ya Ijumaa, ipelekwe kwa Afisa Elimu Kata. Nimeandika "walimu 10 wamepata mafunzo ya TEHAMA". Si uongo, lakini mkono umekuwa mzito kuisaini. Nifanye mafunzo mengine? Nimwombe mwalimu mkuu atoe amri kila mtu akitumie angalau mara moja kwa wiki? Au nimrudishie uratibu wake nibaki na Sayansi yangu?

Mwalimu kijana, Tanga

JIBU

Marahaba mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nimesimama palepale, ulipomchukulia Bibi kishikwambi mkononi. Nitaanzia hapo.

Rudia kusoma ulichoandika. Katika walimu 10 uliowafundisha, ni nani aliyeingia nacho darasani bila kuambiwa? Ni Bibi. Mwenye vipindi 28 hakuingia nacho. Wanaodai posho hawakuingia nacho. Mwalimu aliyebakiza miaka miwili, ambaye hakuna mtu angemuuliza lolote kama angestaafu na chaki yake, ndiye aliyethubutu kusimama mbele ya watoto wa darasa la pili na kitu ambacho bado hakijamkaa mkononi. Mafunzo yako yalikuwa yamezaa tunda moja, na tunda lenyewe ulilichuma likiwa bichi. Umeliandika hilo kwenye barua bila kuliona.

Mwalimu akiwa darasani hana mali nyingi. Ana chaki, ana sauti, na ana ile imani ya watoto kwamba anajua. Ukiigusa hiyo mbele yao, umemgusa pabaya. Wenzako hawakupoa kwa uvivu. Walimwona Bibi, kila mmoja akajiuliza, na mimi je, siku kikinigomea?

Najua hukukusudia. Mimi pia nimekaa upande wa Bibi. Mwaka 2007 nilipelekwa semina ya kompyuta ya siku tatu. Mkufunzi alikuwa kijana mwerevu, mwenye haraka. Kila nilipochelewa aliinama juu ya bega langu, akashika kipanya akabofya mwenyewe, akasema, "Umeona Mama?" Nikasema nimeona. Sikuwa nimeona. Nilirudi shuleni na cheti, na kompyuta ya ofisi nikaendelea kuipita kama nilivyokuwa nikiipita.

Miezi ikapita, ikafika Novemba. Nilikuwa na alama za wanafunzi 143 za kujumlisha, kutafuta wastani na kupanga nafasi, kwa kalamu na kikokotoo. Mwalimu mwenzangu, mwanamke wa rika langu, akavuta kiti akakaa kando yangu. Hakugusa kompyuta hata mara moja. Aliniuliza, "Hapo kinachokuchosha ni nini hasa?" Nikamwambia ni kupanga nafasi, kwa sababu nikigundua kosa moja narudia orodha yote. Akaniambia niandike majina matano tu na alama zake kwenye jedwali. Mikono yangu, yeye anasema tu bonyeza hapa, sasa pale. Majina matano yakajipanga yenyewe kutoka wa kwanza hadi wa tano. Nilibadilisha alama moja, yakajipanga upya. Saa mbili usiku ule nilikuwa nimeingiza darasa zima. Kuanzia siku hiyo najua jedwali, na nimelifundisha chuo cha ualimu kwa miaka mingi kwa namna ileile: kiti kando, mikono ya mwenye shida, majina matano kwanza.

Ninachotaka kukuambia kimo humo. Siku zako mbili za Juni ulifundisha kifaa. Slaidi 46, na hakuna hata moja iliyoanza kwa kumuuliza mwalimu, ni somo gani linakushinda? Ni mada gani ukiifundisha watoto wanatoka kama walivyoingia? Ni kazi gani inakula usiku wako? Mwalimu hahitaji kishikwambi. Ana haja na watoto wake wajue kusoma, na wajue kwa nini nusu ukijumlisha na theluthi haiwi mbili ya tano. Kishikwambi kitaingia darasani siku kitakapomsaidia katika hilo, na si kabla.

Usidhani jambo hili ni la shule yako peke yake. Peru iligawa kompyuta mpakato kwa wanafunzi wa shule za vijijini, kwa mpango uliokuwa ukisifiwa dunia nzima wa kompyuta moja kwa kila mtoto. Mwaka 2012 Benki ya Maendeleo ya Nchi za Amerika ilitoa tathmini ya shule 319. Kompyuta zilikuwa zimefika na watoto walikuwa wakizitumia kweli. Alama za hisabati na lugha hazikusogea. Nchi nzima ilipita njia uliyoipita wewe, kwa fedha nyingi zaidi.

Kuna njia nyingine, na ni ya zamani kuliko kompyuta yenyewe. Wajapani wanaiita jugyō kenkyū, utafiti wa somo, na wamekuwa nayo kwa zaidi ya miaka 100. Walimu wachache hukaa pamoja, huchagua mada moja inayowasumbua watoto, na huandaa andalio la somo moja kwa mikono ya wote. Kisha mmoja wao hulifundisha. Wengine hukaa darasani, na macho yao huwa kwa watoto: nani ameelewa, nani amepotea, amepotea dakika ya ngapi. Baadaye hukaa tena wakalirekebisha lile somo. Kwa kuwa somo ni la wote, likiharibika hakuna anayeaibika peke yake. Jirani zetu Zambia walianza nayo mwaka 2005 katika Mkoa wa Kati, kwa walimu wa sayansi, wakisaidiwa na JICA, shirika la maendeleo la Japani, kisha wakaipeleka mikoa mingine. Na huko Marekani, watafiti Bruce Joyce na Beverly Showers walikuwa wakisema tangu miaka ya 1980 kwamba mwalimu akisikia nadharia na kuonyeshwa mfano semina, kidogo sana hufika darasani, mpaka apate mwenzake wa kumsindikiza akiwa kazini kwake.

Wewe huhitaji kuomba kibali cha kuanzisha kitu kipya. MEWAKA imeshakupa chombo. Zile Jumuiya za Ujifunzaji za shuleni ni hicho hasa, walimu kukutana palepale shuleni kuzungumzia ufundishaji wao. Katika shule nyingi nilizopita zimegeuka vikao vya kusomeana kitini. Ukizirudisha kwenye kazi yake, umeshamaliza nusu ya shida yako.

Sasa Bibi. Nenda nyumbani kwake jioni. Usiende na kishikwambi. Nenda na salamu, na kama kuna kilo ya sukari si vibaya, unajua mwenyewe desturi ya huko. Usizunguke. Mwambie, "Bibi, siku ile nilikukosea mbele ya watoto, nimekuja kukuomba radhi." Usianze kueleza kwamba ulitaka kusaidia, maana ukieleza utakuwa unajitetea. Akikuambia yameisha, kunywa chai yake uondoke. Hilo la kishikwambi lisubiri siku nyingine.

Siku hiyo nyingine ikifika, mwendee kama mtu anayekuja kujifunza, na uwe unamaanisha. Mwalimu aliyefundisha madarasa ya chini miaka yote hiyo ana kitu ambacho wewe na mimi hatuna, masikio. Ana uwezo wa kusimama nyuma ya darasa la watoto 80 wakiimba silabi na kusikia kwamba mtoto wa dawati la nne anasema ngombe badala ya ng'ombe. Ana namna yake ya kuwafundisha watoto kuitenga ng' ya ng'oa na ng'aa na ile ng ya ngoma na ngazi, na kuibeba nywa bila kuivunja ikawa nyuwa. Akistaafu, vyote hivyo vinaondoka naye, na mwalimu mpya atakayepewa darasa la pili ataanza sifuri.

Kwa hiyo mwombe akurekodie. Kila kishikwambi kina kinasa sauti, hakihitaji bando wala akaunti. Fanyeni saa moja na nusu asubuhi, kabla ya mstarini, ndani ya stoo ya vitabu ambako makelele hayafiki. Kishikwambi kikae umbali wa shubiri moja kutoka mdomoni. Aanze na ng' peke yake: atamke sauti, anyamaze kidogo ili mtoto airudie, kisha maneno matatu. Faili moja isizidi dakika moja na nusu, na jina lake liwe sauti yenyewe, ili mtu asiitafute. Yeye ndiye abonyeze kitufe. Akikosea, afute arudie. Mikono yako iwe mfukoni, mwanangu, hata kikimgomea. Mwambie kwa mdomo tu.

Baada ya wiki mbili mtakuwa na sauti kumi au kumi na tano. Hapo muandae somo moja pamoja, la Kusoma, darasa lake. Watoto 80 hawawezi kutazama kishikwambi kimoja, na kosa ninaloliona kila mahali ni mwalimu kukiinua juu kama bango. Wagawe. Kundi la watoto wanane wakae mkekani na kishikwambi, wasikilize sauti ya Bibi, kila mmoja ainue kadi ya herufi anayoisikia. Kundi jingine linaandika, jingine linasoma kwa jozi, na Bibi yuko na wale wanaochelewa. Kila baada ya dakika 8 au 10 kundi moja linakuja mkekani. Hawatafika wote siku moja, na si lazima wafike, kesho ipo. Wewe utakuwa darasani umekaa nyuma na daftari, unaandika watoto wanafanya nini. Watasikia sauti ya mwalimu wao ikitoka kwenye kile kifaa. Hiyo itamrudishia heshima ile ile uliyoipunguza, na mbele ya watoto walewale.

Jambo moja nakuonya hapo. Mkija kurekodi na watoto wakisoma, kwa sababu mtapenda, sauti na picha zao zibaki shuleni. Zisiingie kwenye kundi la WhatsApp la walimu wala la wazazi. Tangu 2023 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inayofanya kazi, na hata kama isingekuwapo, mtoto anayekwama kusoma si wa kusambazwa.

Kisha zamu yako. Kabla hujamwomba mwenzako yeyote akuruhusu kukaa darasani kwake na daftari, wewe ndiye ufungue mlango kwanza. Chagua mada yako, tuseme kuota kwa mbegu. Kata chupa ya maji ya plastiki, weka pamba yenye unyevu, panga maharage manne ukutani mwa chupa ili yaonekane. Chora duara la chaki mezani mahali chupa inapokaa, na alama nyingine mahali kishikwambi kinapoegemea tofali. Kila siku saa mbili asubuhi mwanafunzi mmoja apige picha moja kutoka palepale, siku 10. Siku ya 11 watoto wakipitisha zile picha kwa kidole wataona mzizi unatangulia kushuka kabla shina halijanyanyuka, jambo ambalo ubaoni huwa tunalichora na wao wanalikariri tu. Waalike wenzako wawili waje kuangalia kipindi hicho, na mmoja awe Bibi. Ukimaliza, usiulize, "Mmeonaje?" maana watakusifia. Uliza, "Watoto wa nyuma walifanya nini picha zilipokuwa mbele?" Halafu andika wanachokuambia, hata kikikuchoma.

Yule wa vipindi 28 usimpelekee video. Amekuambia shida yake wazi kabisa, muda. Mwendee mitihani ya muhula ikikaribia, na jedwali la alama, majina matano. Ukimwokolea jioni mbili za kujumlisha, yeye mwenyewe atakuuliza hicho kitu kinaweza nini kingine.

Hofu ya kuvunja ni ya kweli, usiidharau. Mtu aliyesaini kupokea mali ya serikali ana haki ya kuogopa. Hilo si la kwako kulitatua, ni la mwalimu mkuu. Mwombe aseme kikaoni, na kuandika kwenye kumbukumbu, kifaa kikiharibika kwenye kipindi kilichopangwa utaratibu utakuwaje. Akishindwa kulijibu peke yake, alipeleke juu. Mpaka lijibiwe, anzeni na kazi ambazo kifaa hakitoki mikononi mwa mwalimu, kama kurekodi, alama, na picha za mbegu ukizipiga na kuzionyesha wewe mwenyewe, na lile kundi la mkekani lisubiri.

Posho siwezi kukudanganya kwamba nina dawa yake. Mwalimu anayedai posho ya kukaa Jumamosi nzima haombi cha mtu. Ndiyo maana sitaki uwaite Jumamosi wala likizo. Omba kipindi kimoja kwa wiki ndani ya ratiba, wawili wawili au watatu watatu, wanaofundisha madarasa yanayokaribiana. Dakika 40 zinatosha kuandaa somo moja. Mwalimu mkuu akisema ratiba imejaa, mwonyeshe kwamba kuunganisha madarasa mawili kwa kipindi cha michezo kunamwachia mtu mmoja nafasi. Wewe unajua ratiba ya shule yako kuliko mimi.

Intaneti isikusumbue sana mwanzoni. Slaidi na video za mtandaoni ndizo zilizokula bando lako na zikakuangusha LUKU ilipoisha. Siku ukiwa mjini penye mtandao mzuri, pakua mara moja, kisha mrushiane shuleni kwa Bluetooth. Yapo majaribio ya sayansi ya kwenye skrini, yaitwayo PhET, ya Chuo Kikuu cha Colorado, ambayo mengi hufunguka bila intaneti ukishayapakua, na mengine yametafsiriwa kwa Kiswahili. Ipo Kolibri, programu ya masomo iliyotengenezwa makusudi kwa shule zisizo na mtandao. Ipo Kiwix inayokuwezesha kubeba Wikipedia nzima ya Kiswahili kwenye kadi ya kumbukumbu. Vipindi vya Ubongo Kids, vya hapahapa nyumbani tangu 2014, watoto wanavijua tayari. Lakini usiwapelekee wenzako orodha hii yote, utarudia yale ya Juni. Subiri mtu aseme shida yake, umpe kimoja.

Umeuliza kama mwalimu mkuu atoe amri ya mara moja kwa wiki. Hapana. Amri hiyo nimeiona ikifanya kazi yake: kila Alhamisi kishikwambi kinawekwa mezani, mwalimu anafundisha kama kawaida, na daftari la mratibu linajazwa tiki. Na yapo masomo ambayo kishikwambi hakina msaada wowote, ukilazimisha unaharibu. Mtoto ajifunze kupima mita kwa kamba na miguu yake uwanjani.

Uratibu usiurudishe, walau hadi Desemba. Mtu asiyejali asingeona mkono wake mzito kwenye saini.

Na hiyo ripoti ya Ijumaa, usiandike "walimu 10 wamepata mafunzo" ukaishia hapo. Andika kwamba walimu 10 walihudhuria mafunzo ya siku mbili mwezi Juni. Andika kwamba kuanzia wiki ijayo walimu wataandaa masomo wawili wawili, na taja saa mnazoomba. Na katikati ya hayo mawili weka sentensi hii: "Hadi sasa mwalimu mmoja, wa darasa la pili, amejaribu kutumia kishikwambi kufundisha darasani kwa hiari yake mwenyewe." Ukishaiandika, mpelekee Bibi aisome kabla hujasaini.